Ipi Ilikuja Mwisho

Mama alitaka kujua jambo moja tu: kama mwanawe alikufa na kinyongo naye. Hakutaka jingine. Haya yote ninayoandika yanatokana na swali hilo, na sina hakika kama nilimjibu vizuri. Nilisoma mpaka darasa la saba na kazi yangu ni machungwa. Kuandika najifunza huku naandika, kwa hiyo nikipinda mahali nisamehewe.

Mdogo wangu aliolewa Mwanza. Alikuwa msomi kwetu, akafanya kazi ya ofisi huko, na ndiye aliyenifungulia imeili. Nilimwambia sihitaji, muuza machungwa na imeili wapi na wapi. Akacheka. "Dada, wewe unaibiwa simu kila mwaka pale sokoni. Kila ukiibiwa, maneno yangu yote yanakwenda na mwizi. Haya ya imeili hayaibiwi. Ukipata simu nyingine unayakuta yamekaa." Ni kweli, nilikuwa nimeshaibiwa, na nikaibiwa tena baadaye. Alinijua.

Alikuwa na tabia, jambo zito hasemi kwenye simu. Alisema akianza kusema analia, na akilia haeleweki. Basi anaandika, na kila barua inaanza vilevile: Dada, mwambie mama. Mimi nikipanda Mkuyuni, huku kwetu Morogoro, kununua machungwa napitia kwa mama, juu kidogo ya soko, namsomea. Mama hajui kusoma, ila ana masikio. Neno ukiliruka anajua.

Baba alipofariki mama akaingia eda. Mdogo wangu alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, imekaribia. Kwa kawaida mama ndiye angekwenda kumlea uzazi. Akasema hawezi, yuko eda, mwanamke wa eda hatoki kwake seuze kukata nchi mpaka Mwanza. Wapo waliomwambia dharura ina ruhusa yake, aende tu. Mashangazi zetu upande wa baba wakasema akitoka watamwona hakumheshimu ndugu yao. Mama akakaa. Mtoto akazaliwa, wa kike, akaishi wiki chache akafa. Mama yuko ndani, kanga nyeupe, anaambiwa habari kwa simu ya jirani.

Nimejaribu mara nyingi kumpa mmojawapo kosa na nimeshindwa. Mama alikuwa ameishi na baba tangu akiwa binti, na heshima ya mwisho aliyokuwa nayo ya kumpa ni ile eda. Mdogo wangu naye alikuwa peke yake katika mji wa wakwe, kifua kimejaa maziwa na mtoto hayupo, na mama yake mzazi yu hai. Wote wana haki. Ukiwa katikati ya watu wawili wenye haki, huna pa kushika.

Miezi yote hiyo mimi sikuwa na simu ya kupangusa. Niliibiwa mara tu baada ya msiba wa baba, nikabaki na kiswaswadu, cha kupiga na kupokea tu. Mdogo wangu alikuwa ananipigia mimi. Kwa mama hapigi. Nikimuuliza, "Umeongea na mama?" anasema, "Nimeandika. Utasoma ukipata simu." Nikimwambia nisimulie tu kwa mdomo, anakata.

Eda ikaisha. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia mama anajiandaa kuja. Akasema tu, "Haya." Haya hiyo nimeipima sana. Mama akafunga mzigo: magimbi aliyoyachimba mwenyewe, mdalasini wa magome, mkeka aliousuka alipokuwa eda. Mzigo ukiwa umekaa mlangoni, shemeji akapiga. Mke wake ameanguka kazini, yuko hospitali. Kabla hatujapata basi akapiga tena. Tulifika Mwanza ameshazikwa, maana maiti haingoji. Kaburi lake liko ubavuni mwa lile dogo. Magimbi mama alimpa mama mkwe wa mdogo wangu, wakayachemsha, tukala na chai. Sijui kwa nini nakumbuka yalikuwa matamu.

Mama alimuuliza shemeji, "Baba, mwenzio aliniacha na neno gani?"

Shemeji akainama. "Mama, hakuweza kusema. Tangu alipoanguka hakusema tena."

Mama akanigeukia mimi. "Wewe aliniandikia kwako."

"Ndiyo mama."

"Tafuta simu."

Nikatafuta. Nilinunua iliyotumika, kwa fundi wa simu pale mjini, kioo chake kina doa jeusi upande wa kulia kuanzia juu mpaka chini kama wino umemwagika. Fundi alisema doa halina shida, maneno yote yanasomeka. Neno la siri nilikuwa nalikumbuka kwa sababu ni jina la baba. Nikafungua. Ndani imejaa matangazo, kubeti, mikopo, nafasi za kazi za watu wenye digrii. Za mdogo wangu zimezama humo. Fundi akanionyesha pa kutafutia: andika neno, simu inakuletea zote zenye neno hilo. Nikaandika "mama", maana zake zote zina mama. Za zamani nilikuwa nikishamsomea mama nazifuta, kwa hiyo zikaja hizi mpya tu, zimejipanga, moja juu ya nyingine.

Sikuzisoma pale. Nilipanda nazo Mkuyuni.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya njugu mawe. Nikamwambia nimezipata. Akafuta mikono, akajifunga kanga vizuri, kama mgeni ameingia.

"Iliyokuja mwisho ni ipi?" akauliza.

"Hii ya juu," nikasema.

Nilisema hivyo bila kufikiri. Ujumbe wa simu ndivyo unavyokaa, wa leo juu, wa jana chini. Na sufuria kabatini, na kanga sandukuni, ya mwisho kuwekwa ndiyo ya juu. Nikasoma.

"Dada, mwambie mama sina neno naye. Mama ni mama. Eda ni eda, hata mimi ningekaa. Mwambie mama nitamsubiri, akimaliza aje, na mama asisahau magimbi."

Mama aliweka kiganja mdomoni. Alilia bila sauti, mabega tu. Nami nikalia. Kisha nikasema nisome inayofuata, akanyanyua mkono.

"Inatosha. Kama hiyo ndiyo ya mwisho, za nyuma zilikuwa njia tu. Watu wakisafiri huulizwa wamefika, hawaulizwi matope."

Basi sikusoma nyingine. Nilijiambia si zangu, kila moja imeandikwa mwambie mama, na mama mwenyewe amesema inatosha. Huenda ndiyo sababu ya kweli. Huenda niliogopa. Nimeshindwa kujua, na sitaki kujipendelea.

Baada ya hapo mama akawa mtu. Akala. Akaenda kwenye kunde zake. Jirani akija anaambiwa, "Mwanangu aliniachia neno zuri." Nikipanda kununua machungwa ananiambia soma, namsomea ileile, naye anatangulia mdomo wangu kwa maneno, mpaka pale kwenye magimbi, hapo anacheka kidogo. "Magimbi! Huyu mtoto na tumbo lake."

Hitima ikakaribia. Mjomba wetu, kaka yake mama, ndiye mwenye kauli katika ukoo, maana kwetu ukoo unafuata upande wa mama. Akasema siku hiyo baada ya dua atasimama awaeleze watu marehemu alivyoishi, na barua ile ataisoma mwenyewe mbele ya wote, mashangazi wakiwamo. Ila simu yenye doa hawezi, macho yake hayataki kioo. Aletewe karatasi. Mama akasema, "Toa zote basi. Aisome hiyo moja, nyingine nitaweka sandukuni."

Nikaenda steshenari moja karibu na chuo kule Mazimbu, kwa sababu nina wateja huko, napeleka machungwa. Mwenye steshenari ni mama mtu mzima kidogo kunizidi, maneno mengi, mikono mepesi. Wanafunzi walikuwa wamejazana na kazi zao.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mama machungwa. Leo umekuja mikono mitupu? Unataka huduma au unataka deni la machungwa? Hilo nilikwisha kulila."

Nikamweleza. Akaacha utani papo hapo. Akanipa kiti. Kijana mmoja akalalamika yeye alitangulia. "Wewe kitabu chako kina kurasa kama msahafu," akamwambia, "mashine ikimaliza chako huyu atakuwa ameshazeeka. Kaa."

Tukaifungua imeili kwenye kompyuta yake, kioo kikubwa, kizima, hakina doa. Nikaandika mama. Zikaja vilevile kama kwenye simu, ile ya magimbi juu. Akaanza kuzisogeza, kisha akasita.

"Nizipange vipi? Ya kwanza juu au ya mwisho juu?"

"Ziko sawa hivyo," nikamwambia. "Ya mwisho iko juu."

"Hazijapangwa hivyo, dada. Ona." Akaweka kidole pembeni, upande ule ambao kwenye simu yangu ni weusi. Kulikuwa na tarehe. "Hii ya juu ni ya zamani kuliko zote. Hii ya chini ndiyo ya karibuni."

Nikasema mashine imekosea.

"Haijakosea. Soma hapa juu imeandika nini." Kulikuwa na maandishi madogo: Zinazofaa zaidi. "Umeitafutia mama. Imekuletea kwanza ile yenye mama nyingi, inaona hiyo ndiyo inayokufaa. Tarehe haikuijali. Ukitaka tarehe unagusa hapa, unachagua mpya kwanza." Akagusa. Barua zikaruka, zikabadilishana nafasi mbele ya macho yangu. Ile ya magimbi ikashuka mpaka chini kabisa. "Ya zamani kwanza haina, lakini hiyo si kazi, nikishatoa karatasi nazigeuza tu. Niambie unavyotaka."

Nilikuwa nasoma iliyopanda juu.

"Dada, mwambie mama asije. Nilimhitaji wakati ule. Sasa humu ndani hakuna wa kumwona."

Nafikiri aliiandika baada ya ile simu niliyomwambia mama anakuja, baada ya kusema "Haya."

Nataka kusema kitu kuhusu matenga, kwa sababu ndicho nilichokifikiria pale kwenye kiti, na niliona haya kufikiri machungwa wakati kama ule. Sisi tunaopakia tenga tuna kitu tunakiita uso. Machungwa madogo, yenye makovu, yaliyogongwa, yanakwenda chini na katikati. Juu unapanga mazuri, ngozi safi, yanang'aa. Mteja wa mjini anaona uso, ananunua. Hakuna anayeita wizi. Mnunuzi mzoefu anaingiza mkono mpaka chini kabla hajasema bei, na mimi mwenyewe nikinunua Mkuyuni nafanya hivyo kwa kila tenga, nawatukania wenye mali, "Huu uso tu huu, tumbo liko wapi?" Miaka yote hiyo mkono wangu unajua kushuka chini. Na siku hiyo ya mama niliuamini uso.

Simu siwezi kuilaumu. Iliandika pale juu kwamba inanipa zinazofaa, haikuandika za mwisho. Fundi hakunidanganya, maneno yote yalisomeka kweli, ni tarehe tu zilizokuwa chini ya doa. Na ukifungua barua yenyewe tarehe iko humo, ndogo, chini ya jina lake. Nilifungua ile barua mbele ya mama sijui mara ngapi. Macho yangu yalipita pale. Siwezi kuapa kwamba hayakuona.

"Dada," mwenye steshenari akaniita taratibu. "Mama anajua?"

"Anajua ile nyingine."

Akatazama mashine yake. "Mimi ni mtoa karatasi tu. Ukisema ile juu, itakuwa juu. Karatasi nikiikata vizuri haina tarehe. Mzee atasoma, mama atafurahi, mambo yameisha." Kisha akasema, "Lakini mimi sijui mama yako ni mtu wa namna gani."

Hapo ndipo aliponimaliza. Kwa sababu mimi namjua. Neno ukiliruka anajua.

Nikasema azitoe na tarehe zake, ya zamani juu ya mwisho chini, zifuatane zilivyoandikwa. Hakuchukua hela ya karatasi. Nikamwambia machungwa nitaleta, akasema, "Yenye uso na tumbo," na sikuwa nimemwambia lolote la tenga, basi tu watu wote wa Morogoro wanatujua.

Nilipanda Mkuyuni nikiwa na bahasha kifuani. Njia nzima nilijiuliza kwa nini nampelekea. Mama alikuwa amepata usingizi. Mimi ndiye niliyempa, na sasa mimi ndiye nakwenda kumnyang'anya, na mtu akiniuliza faida yake nini sina la kusema. Lakini mjomba atasoma mbele ya watu na shemeji atakuwepo, na shemeji anajua mke wake alivyokuwa siku za mwisho. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni mdogo wangu. Ile ya chini ni yake pia. Aliiandika ili ifike. Nikiificha, nimemkatia sauti aliyenifungulia imeili ili maneno yake yasipotee.

Mama alikuwa uani anaanika mdalasini. Nikamsalimia, akaitikia, akaona uso wangu.

"Zimekataa kutoka?"

"Zimetoka mama. Ila nilizipanga vibaya. Ile tunayosoma siyo ya mwisho. Ni ya kwanza."

Aliendelea kupanga magome juani, moja moja, hakuharakisha. Akamaliza yaliyokuwa mkononi. Akaja akakaa.

"Soma kutoka ya kwanza."

Nikasoma. Ya magimbi. Alisikiliza kana kwamba haijui, hakutangulia mdomo wangu. Nikasoma inayofuata: "Dada, mwambie mama ni wa kike. Ana paji la uso la baba." Mama akasema, "La baba yako lile, pana." Nikasoma: "Dada, mwambie mama mtoto hanyonyi. Mwambie aje. Mwambie hata kwa siku moja." Nikakomea hapo. "Endelea," akasema. Nikasoma ile ya mazishi, ambayo ni mstari mmoja. Kisha nikasoma ya mwisho.

Kuku walikuwa wanachakura kwenye maganda ya njugu. Bodaboda ilipita chini barabarani, ikapandisha mlima, sauti ikaisha.

"Isome tena."

Nikaisoma tena.

"Sasa humu ndani hakuna wa kumwona," mama akarudia. "Ni kweli. Nani ningemwona."

"Mama, alikuwa na uchungu. Angeishi angeandika nyingine."

"Angeandika. Hakuandika." Hakuisema kwa ukali. "Usimsemee."

Kisha nikafanya jambo ambalo sijui kama lilikuwa huruma au mazoea ya biashara. Nikazipanga karatasi, nikaichukua ile ya magimbi nikaiweka juu ya nyingine, nikamwambia tumpe mjomba hivi, watu wasikie neno zuri, nyingine zibaki zetu.

Mama akazivuta karatasi. Hajui kusoma, lakini alikuwa amezitazama nilipokuwa nasoma, na ile ya mwisho aliijua, ilikuwa chini ya zote. Akaitoa chini, akaiweka juu.

"Hii ndiyo aliyoacha juu. Iache juu. Mimi siuzi."

Siku ya hitima mjomba alisoma zote kama mama alivyomwomba, kwa kufuata tarehe, tangu ya kwanza. Alipofika kwenye ya mwisho aliisoma polepole mpaka ikaisha. Mashangazi walitazama mkeka. Shemeji alitoka nje. Nilidhani mama atafunikwa na aibu. Alikaa wima, mikono magotini, kama mtu anayesomewa hukumu na anaijua.

Simu yangu sasa nimeiwekea mpya kwanza. Kila nikitafuta lazima nihakikishe, maana mara nyingine inarudi yenyewe kwenye zinazofaa zaidi, na ile ya magimbi inapanda tena juu, inang'aa. Nakiri siku nyingine naiacha hapo kwanza, naitazama, ndipo nabadilisha.

Mama bado ananiambia nimsomee nikipanda kununua machungwa. Hataki zile nyingine. Anataka hiyo ya mwisho. Halali vizuri kama alivyokuwa amelala ule muda mfupi, na hilo ni langu, sina wa kumpa. Namsomea: Dada, mwambie mama asije. Naye kila mara anajibu, si kwangu, anaijibu karatasi, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeitikia mlangoni.

"Nilikuwa nimeshafunga mzigo, mwanangu."

Kisha ananiuliza machungwa mwaka huu yakoje.